Safu ya Saba

Candiru alifungua kompyuta juu ya gunia la pumba
akaniambia: Mama mkubwa, huku namba haitembei peke yake,
hutembea na majirani zake.
Nikasema hilo nalijua. Trei ya mayai ni hivyo hivyo:
mistari mitano, safu sita,
na ukichomoa yai moja katikati
jicho huenda pale pale penye shimo.

Tuko Mvara, Arua, saa moja ya usiku,
betri ya sola imebaki vijiti viwili.
Mabano mraba yanafunguka kama mlango wa banda.
Unaandika Jumamosi, nafasi, Jumapili, nafasi,
mpaka wiki iishe; hapo nukta-mkato,
na wiki nyingine inaanza chini yake.
Mashine hii huhesabu kuanzia moja.
Zipo lugha, anasema, zinazoanzia sifuri.
Nikacheka. Jua likichomoza kwetu ni saa moja,
juma likianza ni Jumamosi;
nani aliwahi kumwita kifungua mimba wake sifuri?

[212 208 215 199 220 217 211;
 214 210 209 203 218 216 213;
 207 211 206 198 215 219]

Mashine ikakataa. Haikufoka,
iliandika tu kwa wino mwekundu
kwamba mstari wa tatu ni mfupi.
Nikarudi kwenye daftari. Wiki ya tatu,
Jumamosi mpaka Alhamisi kwa kalamu ya buluu,
kisha Ijumaa: weupe.

Candiru aliuona ule weupe kabla yangu.
Ijumaa ile tulimzika Ayikoru, mama yake, mdogo wangu,
aliyekuwa akiokota mayai mimi nikiandika.
Kuku walitaga. Wao nani aliwapa habari?
Mengine yalikaangwa kwa ajili ya wageni wa matanga,
mengine watoto waliyavunja nyuma ya jiko,
na hakuna aliyehesabu.

Weka sifuri, nikasema, tuendelee.
Akaweka. Tukaomba wastani wa kila siku
na Ijumaa ikaporomoka: mia moja arobaini na moja na ushei,
kana kwamba siku hiyo kuku wangu hugoma.
Sifuri ni shahidi wa uongo.
Sifuri husema: tulitazama, hapakuwa na kitu.
Sisi hatukutazama.

Ndipo akaandika herufi tatu, NaN.
Si namba, alisema. Kitu kilikuwepo hapa,
ila hakijulikani.
Mimi niliisoma kwa Kiswahili:
nani, iliyokatwa mkia.

Tukaomba wastani tena. Siku sita zikajibu.
Ijumaa ikajibu NaN.
Ile 211, ile 213, Ijumaa njema zisizo na hatia,
zote zimemezwa na moja isiyojulikana.
Nikanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu mwezi wa tatu
na sikuwa na jina lake.
Halafu nikazipitia siku kwa vidole: mosi, pili, tatu, nne, tano,
Alhamisi nayo ni tano, ya Waarabu;
Ijumaa peke yake haina namba ndani ya jina.

Ipo njia ya kuiruka, alisema Candiru.
Neno moja tu, itagawa kwa zilizopo.
Akaniuliza kwa macho.
Nikamwambia aandike, mwenye duka la pumba
hatapokea NaN.
Mia mbili kumi na mbili, ikasema Ijumaa.
Ila ndani ya jedwali hatukugusa kitu:
mstari wa tatu, safu ya saba, zile herufi zimekaa.

Mwisho akanionyesha kazi ya pili ya nukta-mkato:
ukiiweka mwishoni mwa amri
mashine hufanya yote isiseme neno.
Kama mama, alisema,
akaangalia pembeni.

Wiki ya nne niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja.
Kijiti cha betri kimebaki kimoja.
Kesho ni Ijumaa. Trei nimeshaziosha.