Saa Tano na Dakika Mbili

Babu Belarmino aliniambia mezani,
"Sisi tulichimba makaa. Nyinyi mnachimba simu."
Shahada zangu mbili zimelala kabatini, chini ya mashuka;
mkate tunaokula ni wa pensheni yake.

Leo nimeketi na bango mlangoni mwa benki, hapa Gijón.
Kanipita bila salamu, kitabu cha akiba kwapani,
akatoka upesi.
Dirisha hufungwa saa tano, wamemwambia,
tumia mashine.
Ilikuwa saa tano na dakika mbili.
Miaka thelathini ya vumbi mapafuni,
na dakika mbili.

Akavuta kiti cha mkahawa jirani,
akalikagua bango langu kama mtu akaguaye nguzo ya mgodi.
"Herufi zako nyembamba," akasema.
"Lete brashi."