Gari Lisilo na Ardhi

Nililinunua Donholm, likiwa juu ya mawe manne:
Datsun ya mwaka wa sabini na nane,
rangi tatu zikigombania mlango mmoja.
Mwenyewe, Otwori, alikuwa amehamia Kisii;
ufunguo aliuacha kwa mlinzi
ndani ya bahasha ya mchango wa harusi.

Nilipofungua, nikamkuta Otwori bado yumo.
Springi alizikata kwa msumeno ili gari lilale chini,
likalala kweli: kila tuta la Umoja lililikuna tumbo.
Kabureta mbili, ya kushoto ikinywa, ya kulia ikitema.
Usukani mdogo kama kisahani cha chai.
Chini ya dashibodi nyaya ishirini na moja,
nilizihesabu, zote nyekundu,
na juu yake kipande cha tepu, kwa herufi kubwa:
USIGUSE.

Niligusa.

Jumamosi tano mfululizo nilimtukana Otwori.
Nilimtukana chini ya eksozi pana kama bomba la majitaka,
kutu ikinidondokea machoni.
Kirinyaga Road nikaulizia springi zisizokatwa,
muuzaji akacheka: "Hizo zilikufa na simu za kuzungusha."
Nikazipata Gikomba, zimebeba kiti cha kinyozi.
Nikamnunulia stuli, tukabadilishana,
mteja akiwa amenyolewa upande mmoja.

Bado.
Asubuhi linawaka, mchana linagoma.
Nikiwasha taa, redio inakata roho.
Nikipiga honi, waipa zinashtuka.
Fundi wa kwanza akasema plagi.
Wa pili akasema la, si plagi, ni aliyekwambia ni plagi.
Wa tatu akasema kuna mkono wa mtu,
akataka elfu mbili autoe.

Kasyoka wa Kariobangi, fundi wa umeme, hakusema kitu.
Aliniketisha ndani: piga stata, acha, piga.
Akapitisha vidole nyuma ya injini,
akagusa kamba ya akseleta, akaurudisha mkono upesi.
"Hii ni ya kuvuta tu. Ina moto wa nini?"
Akaenda kwenye buti, Otwori alikohamishia betri
kama magari ya mashindano,
akakwaruza rangi chini ya bolti kwa kisu cha sukuma.
"Umeme wako hauna pa kurudia.
Unapenya popote, hata kwenye akseleta.
Gari hili halina ardhi."

Nikacheka, akadhani nimemdharau.
Miaka kumi na minane nimepanga chumba Umoja,
kila mwezi nikilipia sakafu isiyo yangu,
baba akipiga simu kutoka Webuye:
hata robo eka, mwanangu, hata ya kuzikiwa?
Na sasa hili nalo.

"Hii si ya kununua," akasema. "Nipe msasa."
Akasugua hadi bati likang'aa kama jino la mtoto,
akafunga ukanda wa shaba uliosukwa,
mmoja betri kwa bodi, mwingine bodi kwa injini.
Mia nne na hamsini, na soda.

Stata ikaitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Jioni hiyo, boneti wazi, nikaiona upya ile nguzo
Otwori aliyoichomelea kuunganisha mabega ya gari:
mshono mwembamba, sawasawa, hauna tone lililotoroka.
Nimeshaona kazi za waliolipwa, hazifiki hapo.
Basi alijua. Bolti ile moja tu hakuikwangua rangi.
Labda giza liliingia. Labda mwenye nyumba alikuwa akibisha.

Jumapili tulikwenda hadi Outering na kurudi.
Indiketa ya kushoto ina mdundo wake yenyewe,
na mlango wa nyuma naufunga kwa goti.
Nyaya ni zilezile nyekundu, ila kila moja ina jina,
kwa mwandiko wangu wa kuku.
Tepu ya Otwori sikuibandua.
Chini yake nimebandika yangu:
GUSA, LAKINI CHOMOA BETRI KWANZA.