Ngazi ya Tisini na Moja

Kutoka kituo cha basi hadi mlangoni pangu
ni ngazi mia mbili na kumi na nne.
Nazijua kama nijuavyo meno yangu:
ya kumi na mbili imemeguka,
ya hamsini inanuka mkojo wa paka,
ya tisini na moja haina lolote,
na hapo ndipo miguu iligoma.

Saa kumi na mbili asubuhi, Valparaíso.
Ukungu umekalia mabati ya rangi,
nami nimekalia saruji baridi,
sare mwilini, na alama ya vipokea sauti
ingali imejichora juu ya masikio.

Usiku nilipokea simu sitini na tatu.
Mzee aliyeanguka bafuni.
Mtoto aliyemeza betri ya saa.
Mwanamke aliyenong'ona kutoka kabatini, "Anakuja,"
kisha kimya.
Huyo wa kabatini sikuambiwa mwisho wake.
Sisi hatuambiwi mwisho.
Tunapewa mianzo tu, mmoja juu ya mwingine,
kama mtu apasuaye mayai kutwa kucha
asionje hata kimanda.

Nikajianza. Ndiyo, nilijianza mwenyewe:
Inuka, mvivu we.
Ximena ana watoto watatu na hajakosa zamu.
Mama yako alipaa samaki miaka thelathini,
vidole vimepasuka, na hakuketi ngazini.
Wewe unakalia kiti, unaongea tu.
Kuongea nako kunachosha?

Maneno hayo nimeyazoea.
Yamenifikisha kutoka Machi hadi Agosti
kama fimbo inavyomfikisha punda sokoni.
Leo punda alilala.

Mganga hajigangi, tulizoea kutaniana kazini
tukimimina kahawa ya nne.
Leo haikuchekesha.

Basi, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu,
mdomo ukafunguka, ikatoka ile sauti nyingine,
ya kazini, ya chini, isiyo na pupa,
ambayo wageni huipata bure
na nyumbani kwangu haijawahi kukanyaga:

Huduma ya dharura, nakusikiliza.
Uko wapi?

Ngazi ya tisini na moja.

Unapumua?

Nikakagua. Kidogo. Juu juu.

Umeumia wapi?

Hapo nikakwama.
Hakuna damu. Hakuna mfupa.
Ningemwelezaje mtu
kwamba birika likipiga mluzi nashtuka,
kwamba juzi nilimfokea Lautaro, mwanangu,
kwa kuwa aliniita mara mbili?

Kazini mtu akikwama hatumkaripii.
Hatumwambii wapo walioumia kumliko.
Tunangoja. Tunasema: sijakata simu.
Nikajiambia hivyo, kwa sauti,
hata mbwa wa Hortensia akainua sikio.
Sijakata, Yasna. Bado nipo.

Nikalia, lakini si kilio cha kusimulia,
kile cha pua tu, cha kufutia mkono wa sweta.

Swali la nne huwa: kuna mtu pamoja nawe?
Nilikuwa tayari kusema hapana
nilipoiona mikono yangu miwili
imeshikana mapajani bila kuagizwa,
mmoja ukimsugua mwenzake baridi.

Nikampigia msimamizi. Nikasema kesho siji.
Akaguna. Akauliza, unaumwa nini?
Nikasema, nimechoka,
na sikuongeza samahani.
(Ilikuwepo. Ilishafika ncha ya ulimi.)

Zilibaki ngazi mia na ishirini na tatu.
Sikuzipanda kwa mkupuo.
Nilipanda kumi, nikaketi.
Nikapanda saba.
Jua likaanza kukwangua ukungu,
muuza mikate akashuka, akapanda tena,
akanikuta: "Hujafika tu?"
Nikamjibu, nakuja.
Niko njiani na mgonjwa wangu,
hatuna haraka.