Jibu kwa Wavinya

Wavinya, uliniuliza lifti ilipokwama
kati ya ghorofa ya nne na ya tano:
mkilala kwenye hema, jioni mtakula nini?
Mlango ukafunguka kabla sijakujibu.
Jibu ni hili. Limechelewa wiki mbili,
na linanuka moshi.

Chakula cha kambini hupikwa Ijumaa usiku,
hapa hapa Pangani, redio ikinong'ona,
watoto wamelala na viatu vya safari miguuni.
Ndengu nilizichemsha mpaka zikapasuka,
nikaziunga kwa vitunguu na tui la pakiti,
nikazimimina katika kopo la aiskrimu,
lile ambalo kila mgeni hulifungua kwa matumaini,
nikaligandisha hadi likawa jiwe.
Jiwe hilo lilivuka jiji zima
likiwa magotini mwa Khisa,
likimpooza mapaja kutoka Pangani hadi Oloolua,
naye amenuna kama mfungwa.

Chapati nane ndani ya taulo kuukuu.
Ya tisa niliila nimesimama.

Mayai niliyavunja nyumbani,
nikayatia kwenye chupa pamoja na dhania na chumvi
ili huko iwe ni kumimina tu.
Ujanja mzuri.
Ila uiandike chupa jina.
Lusweti alidhani ni sharubati ya pasheni
akapiga funda moja kubwa pale Galleria, taa zikiwa nyekundu.
Sitasema zaidi. Yeye ni mume wangu.

Makaa yalikuwa na unyevu.
Tukayawashia mtihani wa hesabu wa Khisa,
asilimia thelathini na moja,
na kwa mara ya kwanza mtihani ule ukatufaa.

Viazi usivimenye.
Vioshe, vipake chumvi na mafuta, vifunge foili,
uvizike majivuni kama mtu anayeficha pesa za chama,
kisha uvisahau.
Kusahau ndiko kupika kwenyewe.
Mimi nilivisahau kupita kiasi:
viwili vilitoka vimekuwa makaa kamili
na Naliaka akavitumia kuandika jina lake juu ya mwamba.

Ugali usijaribu.
Lusweti alijaribu, kwa heshima ya Bungoma.
Mwiko ulibaki nyumbani, kwa hiyo akakata tawi;
mimi nilishika sufuria kwa soksi mbili,
upepo ukala nusu ya unga,
na kilichobaki kilikuwa na ladha ya mti.
Ukoko, lakini! Ukoko tuliugombania.

Jirani yetu wa kambini, Gathogo fulani,
alikuja na jiko la gesi lenye meko manne,
meza inayokunjika, taa, aproni,
na nyama iliyolala katika viungo siku mbili.
Sisi tulipiga magoti juu ya mawe yetu matatu
tukijifanya hatuoni.
Saa mbili na robo moto wake ukakohoa, ukafa.
Akasimama gizani kwa muda.
Kisha tukamwona anakuja, sahani mbele,
nyama mbichi juu yake, na sauti ndogo:
"Jamani, mna nafasi kidogo hapo?"

Tulimsogezea jiwe la kukalia.
Nyama ikachomeka polepole, bila mpangilio,
ndengu zikayeyuka, zikachemka, zikapungua;
alikula chapati tatu kati ya zile nane,
akafuta sufuria kwa kipande cha mwisho
akisema yeye kwa kawaida hali ndengu.
Kule mbugani fisi akacheka. Sijui alimcheka nani.
Ndege ndogo ikapita juu yetu kuelekea Wilson,
na nyuma ya miti mbingu ya jiji ilikuwa na rangi
ya chai iliyozidi maziwa.

Basi, Wavinya, tulikula ndengu.
Kopo ni lako, lile ulilolileta na maandazi mwezi Mei.
Nimeliosha mara tatu, moshi umekataa kutoka.
Nitalirudisha lifti ikipona.