Swali la Saba

Al-Khoudh, saa nne asubuhi, kiyoyozi kinakohoa.
Nimepewa majina arobaini na moja
na fomu yenye maswali tisa.
Wakubwa wanataka ripoti kabla ya Ramadhani:
ule utafiti wa wanafunzi wa mwaka wa tatu,
miezi miwili ya joto kali, maabara ya kompyuta, posho ya kubania,
umewafikisha wapi?

Swali la saba ndilo wanalolingojea.
*Utafiti umeathiri kazi yako kwa kiasi gani?
Zungushia duara, moja hadi tano.*

Naanza na Shinuna. Yuko Doha, benki,
kutwa ananusa miamala iliyooza.
"Tano," anasema, sijamaliza hata kuuliza.
Nyuma yake mtu anamwita kikaoni.
Nazungushia. Kama kumenya ndizi.

Azzan anauza magari yaliyotumika, Barka.
Anacheka mpaka anapaliwa.
"Weka moja. La, ngoja."
Mwaka ule walimpeleka Birkat al-Mawz
akaandika programu ya kugawa zamu za maji ya falaji.
Wiki sita hesabu ikampunja mjane mmoja robo saa.
Wiki sita akamlaumu mjane,
akalaumu vihisio, akalaumu jua,
hadi usiku mmoja akaliona kosa, na kosa ni lake:
yeye siku aliianzisha saa sita za usiku,
wenye maji huianzisha jua likizama.
(Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, angemwambia bure:
usiku wa Ijumaa, mwanangu, ni Alhamisi jioni.)
"Tangu hapo," anasema Azzan, "mteja akija na lawama
najifungua mimi kwanza, kisha boneti."
Natafuta duara la jambo hilo.
Halimo.

Mwingine haombi radhi, anakata simu.
Mwingine anajibu "tatu" kwa yote tisa,
hata pale nilipomuuliza mwaka aliohitimu.

Kwa Thuweiba, Sumail, anapokea mama.
"Nani mwenzangu?" Kiswahili kitupu, kimenyooka.
Najitambulisha. "Aa, wa chuo! Mmempatia kazi?"
Naumeza ulimi.
Thuweiba ndiye aliyekuwa nyota wao,
picha yake bado iko ukutani, ngazi ya pili,
ameshika cheti, macho yamefumba.
Ameomba kazi mara sitini na tatu.
Ananitumia jedwali: tarehe, kampuni, jibu, siku za ukimya.
Amechora na mstari.
Walioandika "tutakupigia" hawajapiga hata mmoja;
walionyamaza, wawili walipiga.
Hakuna anayelia humo. Kuna safu na safu,
safi kuliko ripoti yangu.

"Swali la saba?" namkumbusha.
"Nitakujibu," anasema, "nawe unijibu langu.
Wale walioomba nafasi mkawanyima,
mmewapigia?"

Kimya. Kiyoyozi nacho kimenyamaza, msaliti.
"Maana mnaweza kumsifu mpishi
kumbe mchele ulikuja umeiva."

Naaga. Nafungua kabati la chini,
faili la kijani, kamba imelegea:
*Waliokosa nafasi.* Ishirini na tisa.
Nasoma kwa kidole, kama mtoto wa chuoni na juzuu yake.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Kumi na saba, Muzna binti Seif,
mwandiko wenye haraka, namba ya simu ya zamani.

Ni mimi.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliomba.
Au sikusahau. Nilikiweka mahali
na mahali penyewe nikapapa kazi ya kupanga mafaili.

Zungushia duara, moja hadi tano.

Naipiga namba ile.
Inaita. Anapokea mwanamume, nyundo zinagonga nyuma yake,
fundi wa mabati, Sohar.
"Umekosea namba, dada."
"Samahani," nasema, na kalamu ninayo mkononi.
"Nina swali moja tu."