Viwili Vilivyopungua

Morfudd apiga hesabu nyuma ya bili ya makaa.
Kiraka inchi tisa; ongeza nusu, mshono nao hula.
Upana arobaini na mbili: vinne kwa safu,
ukingoni chabaki cha kufunikia chupa za jamu.

Yadi mbili. Safu saba. Ishirini na nane.
Mfarishi wa mtoto wa Nesta wataka thelathini.

Afuta, ajumlisha tena, namba ni zile zile,
na duka la Llanidloes limefungwa hadi Jumatatu.

Basi ashusha kabatini shati la Emlyn, la buluu,
alilomnyima kila mtu tangu mazishi.
Apima mgongo: inchi kumi na tisa.
Vyatoka viwili, kamili.

Autafuta mkasi chumba kizima.
Ameukalia.