Kupaa Paa

Nimepanda na kisu cha kupaa samaki,
nimekiazima jikoni kwa Bi Zuwena bila ya kumwambia,
maana hapana chuma kingine chembamba
cha kuingia kati ya gamba na gamba.
Nyumba hii ya Kiponda haikuvaa mabati ya migongo.
Imevaa vigae vya bati, kiganja na nusu,
kila kimoja kimegongwa ua la petali nane,
na ukingo wake umepinda ukashika ukingo wa mwenziwe.
Kwa hiyo ninapaa paa.
Mniwie radhi, lugha ndiyo iliyoanza.

Mia nne na kumi na saba. Nimevihesabu mara mbili,
kunguru alinichanganya.
Vyenye kutu ya juu juu navisugua kwa brashi ya waya
mpaka ua litoe petali zake moja moja,
kisha rangi nyekundu, mara mbili,
na ya pili haipakwi mpaka ya kwanza iache kushika kidole.
Vijana wa siku hizi hawana subira hiyo.
(Nami sikuwa nayo. Nitafika huko.)
Vilivyooza nakata badali yake kwa mkasi,
naligonga ua juu ya ubao wa mfenesi niliouchonga mwenyewe.
Petali zangu hutoka saba na nusu.
Ukiwa chini, njiani, huoni.
Mimi naona.

Walikuja wawili, viatu vinang'aa:
ng'oa yote, bibi, tia bati jipya la rangi, siku mbili tu.
Akawauliza, "Na mvua, itasemaje?"
Hawakumfahamu.
Juu ya vigae hivi mvua haingurumi;
ni kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili.

Chini yangu, juu ya kabati la nguo, lipo beseni la buluu.
Lipo tangu masika aliyofiwa na mumewe.
Analiita mgeni.
"Mgeni kajaa, nenda kamwage."
Hulaumu chumvi, hulaumu kunguru, hulaumu paka wa jirani.

Jana, safu ya sita kutoka mfereji, nimelikuta tundu.
Si la chumvi.
Lina msumari wa shaba, kichwa kimepigwa kombo,
umepita katikati ya ua badala ya kujificha mkunjoni.
Shaba na zinki hazilali kitanda kimoja:
shaba humla mwenzake polepole, kwa adabu.
Naujua mkono ule.
Miaka kumi na sita, adhuhuri ya Ramadhani,
fundi Mbarouk ameshuka kuswali,
misumari ya zinki imekwisha,
na wingu limeshasimama upande wa Bububu.
Haraka ya dakika moja.
Wahenga walisema juu ya ufa na ukuta.
Juu ya tundu la msumari walinyamaza;
labda miongoni mwao walikuwamo mafundi.

Usiku ilinyunya.
Asubuhi nikauweka msumari mezani, kando ya kikombe chake.
Bi Zuwena, nikasema, mgeni wako ni mimi.
Akaugeuza. Akaunusa, hata.
"Miaka ishirini na tisa," akasema.
"Basi maji ya leo kamwage mwenyewe.
Na kisu changu, ukioshe."